Kutenda, kutotenda na kuacha katika yoga ya Bhagavad Gita

Fikra ya karma, kama ilivyokomaa kaskazini mwa India katika karne za katikati ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo, ilizaa swali ambalo wanafikra wa huko hawakuweza kulikwepa. Ikiwa kila tendo lina tunda lake, na tunda hilo lazima limfikie aliyetenda, kama si katika maisha haya basi katika mengine yatakayofuata, basi kila tendo humrudisha mtu duniani azaliwe upya. Tendo jema humrudisha pazuri na ovu humrudisha pabaya, lakini yote mawili humrudisha, na lengo la mtafuta ukombozi, yaani moksha, ni kutorudi kabisa. Hapo jibu la kwanza linalomjia mtu ni jepesi kulieleza: aache kutenda. Asiyepanda hana cha kuvuna.

Wapo waliolifuata jibu hilo hadi mwisho wake. Huko Shravanabelagola, katika jimbo la Karnataka, juu ya kilima cha mwamba imesimama sanamu ya Bahubali, mtakatifu wa dini ya Wajaini, iliyochongwa kutoka jiwe moja mnamo mwaka 981 na yenye kimo cha takriban mita 17. Bahubali amesimama uchi, mikono imeshuka kando ya mwili, na mimea ya kutambaa imempanda kutoka miguuni ikayazunguka mapaja hadi mikononi, kwa kuwa simulizi husema alisimama bila kutikisika mwaka mzima, hata vichuguu vikaota kando ya nyayo zake. Baadhi ya watawa wa Kijaini, wanapoona kuwa mwisho wa maisha yao umekaribia, hupunguza chakula kidogo kidogo hadi kuacha kula kabisa, katika mfungo uitwao sallekhana. Wajaini si Wahindu, lakini waliishi na kubishana na Wahindu katika miji ile ile kwa karne nyingi, na ninawataja kwa sababu walionyesha bila kusita mahali ambapo hoja ile humfikisha mtu: ikiwa tendo lenyewe ndilo linalofunga, basi kutotenda kukikamilika huishia katika kifo.

Miongoni mwa Wahindu njia ya kuipa dunia kisogo ilipata jina la sanyasa, na ikawekwa kuwa hatua ya mwisho kati ya hatua nne za maisha: uanafunzi, kuwa na nyumba na familia, kukaa msituni, kisha kuachana na yote. Uzito wake unaonekana vizuri tukitazama namna mtu anavyoiingia. Mwenye nyumba wa matabaka ya juu katika zama za Veda, yale maandiko matakatifu ya kale kabisa ya Wahindu, aliishi na moto. Moto wa ibada uliwashwa wakati wa ndoa, ukatunzwa na kumiminiwa maziwa asubuhi na jioni, na siku ya kufa ndio uliouteketeza mwili wake. Anayeingia utawani hutoa dhabihu ya mwisho kisha huuzima moto huo, au kwa lugha ya vitabu vya ibada, huuvuta uingie ndani ya pumzi zake mwenyewe. Hujifanyia ibada za wafu angali hai. Hunyolewa kishungi cha nywele, huvua uzi mtakatifu aliokuwa akiuvaa begani, hujitanda nguo ya rangi ya udongo mwekundu, na tangu hapo hapiki, huomba chakula mlango kwa mlango. Anapofariki kwa kawaida hachomwi kama Wahindu wengine, bali huzikwa au hutoswa mtoni, kwani mbele ya sheria ya dini alikwisha kufa siku ile alipouzima moto. Mali yake ilikwisha kurithiwa na ndoa yake ilikwisha kuvunjika.

Kinyume na watawa hao walisimama makuhani na wafafanuzi wa Veda, ambao kwao kutotenda kulikuwa kosa. Wao waligawa ibada katika mafungu. Zipo zinazofanywa kwa sababu mtu anataka kitu, kwa mfano mwana, mvua, ng'ombe au nafasi mbinguni, na huyo asiyekitaka kitu hicho halazimiki kuzifanya. Zipo nyingine za kila siku na za nyakati maalumu ambazo hazina tunda la kutamaniwa, lakini anayeziacha ametenda dhambi. Tofauti hii ya kiufundi kati ya ibada ya haja na ibada ya wajibu yafaa ikumbukwe, maana baadaye Bhagavad Gita itaichukua kutoka madhabahuni na kuieneza katika maisha yote. Hata Upanishadi, maandiko yaliyowalea watawa wenyewe, hayakuwa na kauli moja. Katika Upanishadi iitwayo Brihadaranyaka mwenye hekima Yajnavalkya anamuaga mkewe Maitreyi na kuondoka nyumbani. Katika ubeti wa pili wa Upanishadi iitwayo Isha mtu anaambiwa atamani kuishi miaka mia huku akitenda kazi zake papa hapa, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kufanya tendo lisimgande.

Bhagavad Gita iliingia katikati ya ugomvi huo. Ni utenzi wa beti 700 katika sura 18, uliomo ndani ya kitabu cha sita cha Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa India, na wataalamu wengi huuweka katika karne zinazokaribiana na mwanzo wa zama za Kristo. Mandhari yake inajulikana: uwanja wa Kurukshetra, majeshi mawili ya ukoo mmoja, na Arjuna, mpiga upinde hodari kuliko wote, akimwomba Krishna, mungu aliyejivika umbo la binadamu na anayemwendeshea gari la vita, alisimamishe katikati ili awatazame anaokwenda kupigana nao. Anamwona Bhishma, aliye kwake sawa na babu, na Drona aliyemfundisha kuvuta upinde. Kinywa kinamkauka, ngozi inamwaka moto, upinde wake Gandiva unamponyoka mkononi, na mwishowe anaketi chini ndani ya gari.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka ni kile anachokipendekeza badala ya vita. Katika ubeti wa 5 wa sura ya 2 Arjuna anasema kwamba ingekuwa afadhali kwake kuishi duniani kwa kula chakula cha kuombaomba kuliko kuwaua walimu hawa. Kuombaomba ndiyo alama kuu ya mtawa. Kwa hiyo askari huyu hasemi tu kwamba anaogopa au anahuzunika. Anataka kuwa mtawa, tena saa ile ile, baragumu zikiwa zimekwisha kulia. Kwa maoni yangu, Gita nzima haisomeki sawasawa mpaka mtu alione hilo. Sura zake zinajibu ombi la utawa, na Krishna analikataa ombi hilo bila kuudharau utawa wenyewe, na ugumu wote unatokana na kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja.

Arjuna mwenyewe anauhisi ugumu huo, na hapa mtungaji alikuwa mwaminifu sana kwa msomaji wake. Mwanzoni mwa sura ya 3 Arjuna analalamika kwamba Krishna anamchanganya kwa maneno: kama maarifa ni bora kuliko tendo, kwa nini amsukume katika tendo hili la kutisha? Mwanzoni mwa sura ya 5 anarudia karibu lalamiko lile lile: unasifu kuacha matendo, kisha unasifu yoga, niambie kwa uhakika lililo bora kati ya hayo mawili. Mwanzoni mwa sura ya 18, ya mwisho, bado anaomba afafanuliwe.

Hoja ya kwanza ya Krishna ni kwamba kutotenda, kwa maana ambayo Arjuna anaidhania, hakupo. Hakuna anayeweza kukaa hata punde moja bila kutenda, anasema katika ubeti wa 5 wa sura ya 3, kwani nguvu tatu za maumbile, yaani zile za uangavu, za harakati na za uzito, humwendesha kila kiumbe apende asipende. Hata mwili hauwezi kutunzwa bila kazi. Anayekaa kitako, akavifunga viungo vyake visitende, huku moyo wake ukizunguka katika vitu vinavyotamanisha, Krishna anamwita mnafiki. Zaidi ya hayo, kuacha ni tendo. Arjuna akishuka garini akaondoka, kuondoka kwake kutakuwa na matokeo kwa jeshi lililomtegemea na kwa vita vyenyewe, na sababu iliyomwondoa, uchungu wa kuwapoteza jamaa zake, itabaki ndani yake popote atakapokwenda na bakuli la kuombea.

Hoja ya pili ndiyo kiini. Kinachomfunga mtu, anasema Krishna, ni kushikamana na tendo: kulitaka tunda lake na kujiona kuwa ndiye mtendaji. Ubeti wa 47 wa sura ya 2, ambao huenda ndio unaonukuliwa zaidi kuliko mwingine wowote katika kitabu hiki, una vipande vinne, na ni lazima vyote visomwe pamoja. Haki yako ni katika tendo tu. Kamwe si katika matunda yake. Tunda la tendo lisiwe ndilo linalokusukuma. Wala usishikamane na kutotenda. Wanaonukuu vipande viwili vya mwanzo na kuishia hapo hukipoteza cha mwisho, ambacho ndicho kinachomgusa Arjuna, kwani utulivu nao unaweza kutamaniwa kama mali, na mtu akaukimbilia kwa uroho ule ule anaoukimbilia ushindi. Beti zinazofuata ndimo yoga inamopata maana ambayo msomaji aliyelijua neno hilo kupitia madarasa ya kunyoosha viungo ya Nairobi au Dar es Salaam hatarajii kuikuta: yoga ni usawa wa moyo katika kufaulu na kushindwa, na yoga ni ustadi katika matendo.

Sehemu ngumu kuliko zote iko katika sura ya 4, na Krishna mwenyewe anakiri kwamba hata wenye hekima wametatizika hapo. Anataja mambo matatu ya kujulikana, tendo, tendo lililokatazwa na kutotenda, kisha katika ubeti wa 18 anasema: anayeona kutotenda ndani ya tendo, na tendo ndani ya kutotenda, huyo ana akili miongoni mwa watu, huyo amefungamana na yoga, naye ametenda kila tendo. Shankara, mwanafalsafa ambaye wengi humweka katika karne ya 8, alilieleza hili kwa mfano ambao mtu wa pwani atauelewa bila kusomewa mara mbili. Abiria aliye chomboni huiona miti ya ufukweni ikikimbia kurudi nyuma, ilhali miti haiendi popote. Na kinyume chake, watu wanaotembea mbali sana huonekana wamesimama. Vivyo hivyo, anasema Shankara, mwendo ni wa mwili, wa hisi na wa akili, lakini mtu huupachika kwenye nafsi yake ya ndani, ambayo kwa asili haitendi, akasema "mimi natenda." Kisha akiutuliza mwili husema "sasa sitendi, nimetulia," na hiyo pia ni picha ya uongo, kwa kuwa amejipachika kutotenda kwa mwili kama alivyojipachika kutenda kwake, na kujipachika huko ni kazi inayoendelea.

Kutokana na hilo tunaelewa kwa nini Gita inarudi mara kwa mara kwenye suala la nani hasa anayetenda. Sura ya 3 inasema kwamba ni yule aliyepumbazwa na umimi anayedhani "mimi ndiye mtendaji." Sura ya 5 inamchora aliyefungamana na yoga akiona, akisikia, akigusa, akila, akitembea, akilala, akifumba na kufumbua macho, na wakati wote huo akijua kwamba hatendi chochote, hisi tu ndizo zinazoshughulika na vitu vyake. Sura ya 18 inaligawa kila tendo katika sababu tano: mwili unaotendea, mtendaji, vyombo vya kutendea, juhudi za namna mbalimbali, na la tano ni majaliwa. Ninauona mgawanyo huo kuwa wa thamani kubwa, kwani unampa mtu njia ya kuchunguza tendo lake bila kwanza kuyafahamu mafumbo ya nafsi. Mkulima aliyevuna vizuri akijiuliza kwa makini ni kiasi gani cha mavuno yale kilitoka kwake, na kiasi gani kilitoka kwa udongo, mgongo wake imara, jembe na mvua, atakuta neno "mimi nimefanya" limebeba zaidi ya linavyostahili.

Hapo ndipo sura ya mwisho inapoweza kutenganisha mambo ambayo Arjuna ameyachanganya tangu mwanzo. Krishna anasema sanyasa ni kuyaacha matendo ya haja, yale yanayofanywa kwa ajili ya kupata kitu. Na tyaga, kuacha kwa maana anayoitaka yeye, ni kuliacha tunda la matendo yote. Ule mgawanyo wa makuhani kati ya ibada ya haja na ibada ya wajibu umerudi, lakini sasa kazi yoyote ile, ya upinde au ya jembe, inaweza kufanywa kama ibada ya wajibu. Kisha anazipanga namna tatu za kuacha. Anayeacha jambo lililo wajibu wake kwa sababu haelewi, huyo ameacha kwa giza. Anayeacha kwa sababu kazi ni ngumu na anaogopa taabu ya mwili, ameacha kwa tamaa, na hapati tunda la kuacha kwake. Anayetenda lililo wajibu kwa kuwa ni wajibu, akaachilia kushikamana na tunda, huyo ndiye aliyeacha kweli. Arjuna, tukimpima kwa kipimo hicho, alikuwa karibu kuacha kwa namna ya kwanza, huruma yake ikiwa imechanganyika na kutoelewa.

Mahabharata yenyewe ina kisa kinacholionyesha jambo hili kwa wazi zaidi kuliko beti nyingi za hoja, katika kitabu cha tatu, kile cha msituni. Mbrahmini, yaani mtu wa tabaka la makuhani, aitwaye Kaushika alikuwa amekaa chini ya mti akikariri Veda, na ndege aina ya korongo aliyekuwa juu akamchafua kwa kinyesi. Kaushika akainua macho kwa hasira, na kwa nguvu ya zuhudi aliyoikusanya ndege akaanguka akafa. Alijuta, akaenda kijijini kuomba chakula, na katika nyumba moja mama wa nyumba akamwambia asubiri. Akiwa bado anasafisha chombo mume wake akarudi na njaa, naye akamhudumia mumewe kwanza, kisha ndipo akamkumbuka mgeni mlangoni. Kaushika alipofura, mwanamke yule akamjibu kwamba yeye si korongo. Hakukuwa na mtu aliyemweleza habari za ndege. Akamshauri aende mji wa Mithila, kwa mchuuzi mmoja wa nyama, ili akafundishwe wajibu.

Kaushika alimkuta mtu huyo ameketi katika duka la nyama, akiuza nyama ya paa na ya nyati, wateja wamemzonga, naye akasimama pembeni kwa haya. Mchuuzi akainuka, akamkaribisha, akamwambia anajua ni nani aliyemtuma. Kazi ile, alieleza, aliirithi kwa wazazi wake. Yeye mwenyewe haui wanyama, huuza walioletwa wakiwa wamekufa, wala nyama haili. Husema kweli, hutoa anachoweza, na wazazi wake wazee, aliompeleka Kaushika nyumbani kuwaona, huwatunza kwa heshima ambayo wengine huipeleka kwa miungu. Kisha akamwambia Kaushika jambo ambalo hakuwa tayari kulisikia: kwamba aliondoka nyumbani kwenda kusoma bila idhini ya baba na mama yake, nao kwa huzuni wamekuwa vipofu, na kwamba inampasa arudi. Kaushika akarudi. Mtu aliyekuwa ameacha kila kitu hakuwa ameiacha hasira, na aliyekaa sokoni na kisu alikuwa mtulivu. Ninaona pia kwamba kisa hiki kinamrudisha mtawa kwa wale walioumizwa na kuacha kwake, jambo ambalo vitabu vya utawa hulitaja mara chache.

Mtu anaweza kupinga kwamba yoga nyingine, ile ya Patanjali, mtungaji wa kitabu cha kale cha kauli fupi (sutra) kuhusu yoga, inasema kinyume. Katika sutra yake ya pili Patanjali anaieleza yoga kuwa ni kutulizwa kwa mizunguko ya akili, na hilo lasikika kama sifa ya kutotenda. Tukimfuatilia, hata hivyo, tunakuta kwamba kwake pia tatizo haliko katika viungo. Kila tendo huacha alama ndani ya mtu, na hifadhi ya alama hizo ina mizizi mitano: kutojua, umimi, kupenda, kuchukia na kung'ang'ania uhai. Mizizi hiyo ikiwepo, mtu aliyekaa kimya pangoni anaendelea kuijaza hifadhi yake. Ikikatika, tendo la yogi, kwa maneno ya sutra ya 7 ya sehemu ya nne, si jeupe wala si jeusi. Tena Patanjali anakiita "yoga ya matendo" kitu cha mwanzo kabisa anachomwagiza mwanafunzi wa kawaida katika sehemu ya pili: kujitia taabu, kujisomea, na kujikabidhi kwa Mungu. Tofauti yake na Gita ni kubwa kuhusu mahali mtu anapoishia, lakini wote wawili wanakubaliana kwamba kuifunga mikono hakutoshi.

Ubishi uliobaki, na ambao sidhani umekwisha, ni iwapo baada ya safari yote mtu anapaswa kuyaacha matendo yenyewe. Shankara alisema ndiyo. Kwake tendo husafisha akili, na kazi yake huishia hapo; ukombozi huja kwa maarifa peke yake, na aliyejua kwamba nafsi haitendi hana tena sababu ya kutenda. Alijiegemeza, pamoja na mengine, kwenye ubeti wa 3 wa sura ya 6, unaosema kwamba kwa anayetaka kuipanda yoga njia ni tendo, na kwa aliyekwisha kuipanda njia ni utulivu. Ni hoja nzito, na wanaoidharau mara nyingi hawajausoma ubeti huo. Lakini ubeti wa kwanza wa sura ile ile unasema mtawa wa kweli na yogi wa kweli ni yule anayetenda lililompasa bila kulitegemea tunda, wala si aliyezima moto na kuacha ibada. Na katika sura ya 3 Krishna anajitoa mwenyewe kuwa mfano: katika ulimwengu zote tatu hakuna anachokosa wala anachohitaji kukipata, na bado anatenda, kwani akikoma watu wataiga njia yake na dunia itaharibika. Anamtaja pia mfalme Janaka wa Mithila, aliyefikia ukamilifu akiwa kwenye kiti cha enzi. Nikilazimika kuchagua, nasema uzito wa maneno ya Gita unaelemea upande wa kutenda, na kwamba Shankara alilazimika kufanya kazi kubwa ili kuuelekeza upande wake.

Hivyo ndivyo alivyosoma Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India, aliyehukumiwa na Waingereza miaka 6 mnamo 1908 kwa kosa la uchochezi na kufungwa Mandalay, huko Burma. Huko gerezani aliandika kwa Kimarathi ufafanuzi mkubwa wa Gita, uliochapishwa mwaka 1915, akidai kwamba kitabu hiki kinafundisha kazi isiyo na ubinafsi kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata baada ya mtu kupata maarifa. Kwa Tilak kazi hiyo iliweza kuwa ya nguvu na ya mapambano. Gandhi, ambaye tafsiri yake ya Kigujarati ilitoka tarehe 12 Machi 1930, siku ile ile alipoanza kutembea kutoka Sabarmati kuelekea pwani ya Dandi kuvunja sheria ya chumvi, alikisoma kitabu kile kile akapata kinyume. Vita vya Kurukshetra kwake ni vita vya moyoni, na mtu anayejaribu kwa kweli kuliacha tunda hana budi kuacha mauaji na uongo, kwa kuwa nyuma ya kila mauaji na kila uongo ipo tamaa ya kufikia jambo fulani. Gandhi alisisitiza pia kwamba kuliacha tunda hakumaanishi kutojali matokeo: mtenda kazi lazima ajue linalotarajiwa, njia ya kulifikia na uwezo wa kulifanya. Gita yenyewe inamwunga mkono, kwani katika sura ya 18 mtendaji bora anaelezwa kuwa na uthabiti na bidii, na mvivu anayeahirisha mambo anawekwa katika daraja la chini kabisa.

Siwezi kuuacha upande mwingine bila kuutaja. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii zilizoitwa zisizogusika na baadaye akaongoza uandishi wa rasimu ya katiba ya India, aliishutumu Gita kwamba inatetea tabaka na inahalalisha kuua kwa falsafa. Ubeti wa 17 wa sura ya 18 unasema kwamba asiyekuwa na hisia ya "mimi natenda," hata akiwaua watu hawa, haui wala hafungwi; na mara kadhaa kitabu kinamtaka kila mtu atende wajibu wa kuzaliwa kwake, hata kama ataufanya kwa kasoro. Ni rahisi kumwambia mfagiaji asilitazame tunda la kazi yake ikiwa anayelila tunda hilo ni wewe. Naamini shutuma hiyo inawapata walioitumia Gita kwa njia hiyo, tena ni wengi, na kwa sehemu inakipata kitabu chenyewe. Mafundisho ya kuacha tunda yanasimama vizuri pale tu mtu anapojiagiza mwenyewe.

Ubishi kati ya watawa wa utulivu na watawa wa kazi ulipata uwanja wake katika mji mdogo wa Kankhal, karibu na Haridwar, palipojaa watawa wanaofuata nyayo za Shankara. Mwaka 1901 Kalyanananda, mwanafunzi wa mtawa maarufu Vivekananda na mtawa wa shirika la Ramakrishna alilolianzisha mwalimu huyo, alianzisha hapo kituo cha kuwahudumia wagonjwa, na baadaye akaungana naye mwenzake Nishchayananda. Waliwapa dawa watawa waliougua bila ndugu wa kuwaangalia pamoja na maskini wa tabaka lolote, wakawaosha na kuondoa kinyesi chao kwa mikono yao. Watawa wengi wa pale waliwatenga na kuwaita watawa wafagia vyoo, kwa jina la tabaka lililodharauliwa kuliko yote, wakisema aliyeuzima moto wake hana tena kazi ya kufanya duniani. Wale wawili nao walikuwa wameuzima moto, wameomba chakula mlango kwa mlango na kujitanda nguo ya rangi ile ile, na hawakuona kwamba kuosha kidonda cha mgonjwa kumewatoa katika utawa.